Ukienda Knossos, anzia makumbusho

Safari yangu ya kwanza Krete, kisiwa cha Ugiriki, niliivuruga mwenyewe. Nilifika Heraklion jioni, kesho yake saa tano nikapanda basi la mjini kwenda Knossos, magofu ya kasri la Waminoa, watu wa kale wa kisiwa hicho, kilomita tano tu kusini. Saa tano ya Julai! Kivuli cha kuokoteza, na foleni ya kuchungulia chumba cha kiti cha enzi iko juani. Maji yaliniishia kabla sijafika nusu yake.

Lakini lililoniuma zaidi ni zile nguzo nyekundu, nyembamba chini na nene juu. Nilizipiga picha mpaka simu ikapata moto, kumbe ni zege. Nguzo za asili zilikuwa za mbao na zilishapotea zamani. Mwingereza Arthur Evans, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1900, ndiye aliyezisimamisha upya, pamoja na vyumba vya juu, kwa jinsi alivyoamini kasri lilivyokuwa. Michoro ya ukutani nayo ni nakala. Mimi nimezoea Kilwa Kisiwani, ambako hakuna aliyeyapaka magofu rangi, kwa hiyo nilijiona nimeingizwa mjini.

Niliporudi, mwezi wa nne, nilianzia Makumbusho ya Akiolojia pale Heraklion. Michoro halisi iko humo. Isogelee: vipande vya kale ni vichache, na sehemu kubwa imejazwa na mafundi wa Evans. Ukishaona hivyo, Knossos utaitazama kwa macho mengine. Utaacha kushangaa zege na kuanza kuangalia vilivyo vya Waminoa kweli: mitungi ya kuhifadhia mafuta na nafaka, mingine mirefu kuliko mtu, na mabomba ya udongo ya kupitishia maji. Wahi geti likifunguliwa, kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu, na vaa viatu visivyoteleza.

Kama una siku ya ziada, nenda Phaistos, magofu ya kasri jingine la Waminoa, kama kilomita 60 kusini-magharibi. Waitaliano waliochimba pale hawakujenga upya kama Evans. Ndipo ilipopatikana, mwaka 1908, ile sahani ya udongo yenye maandishi ambayo hadi leo hakuna aliyethibitisha yanasema nini. Nilikaa kwenye ngazi pana za mawe, bonde la Messara lote chini yangu, nikala machungwa yangu bila mtu kunisukuma. Ila ulizia mapema basi la mwisho la kurudi. Mimi liliniacha.