Feni kuzunguka si kipimo cha pawa saplai

SWALI: Fundi, habari za kazi. Kompyuta ya mezani ya duka langu la steshenari, Igoma, inawaka vizuri, lakini nikifungua picha nyingi za paspoti inazima ghafla. Fundi wa mtaani aliunganisha waya wa kijani na mweusi wa pawa saplai (lile boksi linaloigawia kompyuta umeme), feni ikazunguka, akasema ni nzima, kilichokufa ni madabodi, yaani bodi kuu. Ninunue nyingine?

JIBU: Usitoe hata shilingi, dada yangu. Hujapimiwa bado.

Mashine zenye hukumu hiyo naletewa kila mara, na inaniuma kuona watu wamekwisha kulipa. Kugusanisha kijani na mweusi ni kuipa pawa saplai amri ya kuwaka, basi. Feni inakula wati mbili tatu. Itazunguka hata kama zile volti 12 zimeshuka hadi 9. Ni sawa na kumwona mpagazi wa soko la samaki la Mwaloni amesimama wima ukasema gunia la dagaa atalibeba. Mbebeshe kwanza!

Pima ikiwa imebeba. Acha kila kitu kimechomekwa, washa mashine, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu uiingize kwa nyuma ya plagi kubwa ya madabodi, taratibu, isiguse waya wa jirani. Waya wa njano usome volti kati ya 11.4 na 12.6, waya mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa chungwa 3.14 hadi 3.47. Sasa fungua zile picha huku ukitazama njano. Ikiporomoka chini ya hapo, mwizi umemshika. (Baadhi ya Dell na HP za mtumba zina plagi za kwao, rangi hizi usizitegemee huko.)

Isipoporomoka, usiitangaze nzima. Kapasita (vile vikopo vinavyotunza umeme ndani yake) zilizovimba hutoa umeme unaotetemeka kwa kasi ambayo mita ya kawaida haiioni. Inakuonyesha 12 safi. Ndiyo maana mimi humalizia kwa kuazima pawa saplai ninayoiamini na kuifunga kwa siku moja. Ila kabla ya yote, safisha feni ya prosesa. Vumbi na vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku huiziba, na joto nalo huzima mashine vilevile.

Kinachonitisha zaidi ni wanaozifungua. Nimekuta pawa saplai ambayo fyuzi imetolewa, pakaunganishwa uzi wa waya wa shaba. Fyuzi ile haiungui kwa bahati mbaya. Mara nyingi kuna transista au daraja la dayodi (vipande vinavyokata na kunyoosha umeme) limepiga shoti ndani. Ukiweka waya, hitilafu inayofuata haitakuwa na cha kuizuia ila waya za ukutani. Halafu kapasita kubwa hubaki na volti 300 na ushee hata baada ya kuchomoa, na mafundi huzigusanisha kwa bisibisi ili kuzimaliza. Kijana anayejifunza kazi akiiga hilo ataumia. Umeme wa kapasita huachiliwa kwa rezista, kipande kinachoupunguza taratibu, kisha mita ithibitishe kwamba zimeisha.

Kwa hiyo fundi akikuambia fyuzi tu ndiyo imeungua, muulize nini kimeiunguza. Akikosa jibu, beba pawa saplai yako uondoke.