Maswali na Majibu ya Hesabu: Asilimia ya Nini?

Barua za safari hii zinafanana. Mtu ana namba mbili au tatu zenye nukta mbili katikati, anataka kujua ni asilimia ngapi, na tayari ameshagombana na mwenzake. Nimechukua saba.

Mwalimu, shikamoo. Napiga lipu nyumba yangu Kibaha. Fundi anasema mchanganyiko ni moja kwa nne, "yaani saruji ni robo, mama." Mwanangu wa kidato cha pili anasema ni asilimia 20. Yupi mkweli? Naogopa kuibiwa.

Marahaba, mama. Wote wakweli, na hujaibiwa. Fundi anaipima saruji kwa mchanga: karai 1 kwa karai 4, basi saruji ni asilimia 25 ya mchanga. Kijana wako anaipima kwa mchanganyiko mzima unaokwenda ukutani: karai 1 na karai 4 ni karai 5, saruji ni 1 kati ya hizo 5, asilimia 20.

Lugha yetu ina majina ya mafungu haya, ingawa ukiacha robo siku hizi tumeyaachia mashairi na mirathi: robo ni moja ya nne, humusi moja ya tano, sudusi moja ya sita, subui moja ya saba. Uwiano wa 1:4 unakupa humusi ya mchanganyiko. Uwiano wa 1:6 unakupa subui, si sudusi. Ndiyo maana mwanafunzi anayeona 1:6 akakimbilia 1/6 hukosa, na huwa wengi.

Hatari yenyewe iko dukani. Tuseme kazi inataka karai 40 za mchanganyiko mkavu. Ukichukua neno la fundi ukatafuta robo ya 40, utanunua saruji ya karai 10, na mchanga utabaki karai 30. Hapo umeshaondoka kwenye 1:4, uko kwenye 1:3. Umelipa zaidi, na lipu yenye saruji nyingi mno hupenda kupasuka ikikauka. Kilichotakiwa ni karai 8 za saruji na 32 za mchanga.

Kwa hiyo: jumlisha sehemu zote, gawanya sehemu unayoitafuta kwa jumla hiyo, zidisha kwa 100. Zege la 1:2:4 lina sehemu 7, hivyo saruji ni asilimia 14.3, mchanga 28.6 na kokoto 57.1. Kumbuka hizi ni asilimia za ujazo, za karai na ndoo. Ukienda kuzipima kwenye mizani utapata nyingine kabisa.

Mtihani ulisema wasichana na wavulana darasani wako kwa uwiano wa 3:2, tutafute asilimia ya wasichana. Niliandika 150, nikapata sifuri. Rafiki yangu ananicheka, eti asilimia haivuki 100.

Mwambie rafiki yako huvuka. Wasichana ni asilimia 150 ya wavulana, hilo ni kweli tupu. Ila uliulizwa asilimia ya darasa: 3 kati ya 5, yaani 60. Umejibu vizuri swali ambalo hukuulizwa.

Tunajenga njia ya viti vya magurudumu kwenye zahanati ya kijiji. Mchoro unasema mteremko 1:12. Nimejumlisha 1 na 12, nikagawanya 1 kwa 13, nikapata asilimia 7.7. Injinia anasema 8.3.

Injinia yuko sahihi, na kosa lako nalipenda, kwa sababu umefuata kanuni niliyotoka kumpa mama wa Kibaha. Hapa haifanyi kazi. Saruji na mchanga ni vipande vya rundo moja. Kupanda mita 1 na kwenda mbele mita 12 si vipande vya kitu kimoja. Huwezi kuvimimina kwenye karai ukavikoroga. Kwenye mteremko tunauliza kupanda ni asilimia ngapi ya kwenda mbele, basi: 1 gawanya kwa 12, asilimia 8.3. Kama sakafu ya zahanati iko juu ya uwanja kwa sentimita 60, njia yenu itasogea mbele mita 7.2. Pimeni kama uwanja unatosha kabla hamjamwaga zege.

Alama za asilimia kwenye milima ya barabara kuu ni hesabu hiyohiyo. Asilimia 10 ni kushuka mita 10 kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Na asilimia 100 si ukuta uliosimama wima kama watu wanavyodhani, ni nyuzi 45 tu.

Nauza spea za pikipiki Mwanza. Mzigo ni shilingi 118,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Nikitoa asilimia 18 ya 118,000 napata kodi 21,240. Mhasibu anasema 18,000.

Mlipe mhasibu wako. Ile 18 ni asilimia ya bei kabla ya kodi. Bei na kodi viko kwa uwiano wa 100:18, jumla 118, hivyo ndani ya pesa uliyoshika kodi ni 18 kati ya 118, karibu asilimia 15.25. Jirani yako wa Kenya anayetoza asilimia 16 atagawanya 16 kwa 116, apate kama 13.8.

Chupa ya klorini imeandikwa 3.5%. Nimeambiwa nitengeneze maji ya 0.5% ya kusafishia vyoo vya shule. 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, nikaweka kikombe 1 cha dawa na vikombe 7 vya maji. Sawa?

Karibu sawa. Hiyo 7 ni vikombe vyote, dawa ikiwemo. Maji ni vikombe 6. Ulivyofanya umepata vikombe 8, na dawa imeshuka hadi kama 0.44. Uwiano unaoutaka ni 1:6. Chupa ijayo isome upya kabla ya kupima, nguvu zake zinaweza kuwa tofauti.

Niko Muscat, nataka kumnunulia mama bangili. Karati 21 ni asilimia ngapi ya dhahabu?

Hapa usijumlishe kitu, 24 ndiyo kamili. 21 kati ya 24 ni 87.5. Karati 22 ni kama 91.7, na 18 ni 75. Geuza bangili utazame ndani: mihuri ya 875, 916 na 750 ni namba hizohizo, zimehesabiwa kwa elfu badala ya mia.

Tuko watatu kwenye biashara, hisa 1:1:1, kila mtu asilimia 33.3. Kila mwezi faida ya 1,000,000 ikigawanywa inabaki 1,000, na mshika fedha anasema hiyo ni ya hesabu.

Hesabu haili wala haivai. Asilimia 33.3 ya milioni ni 333,000, mara tatu ni 999,000. Ile 1,000 ni asilimia 0.1 mliyoikata baada ya nukta. Acheni asilimia, rudini kwenye uwiano, gawanyeni kwa 3: kila mtu 333,333, inabaki shilingi 1. Hiyo mwachieni mshika fedha.