Kodi ya miezi sita mbele wakati nyumba inaenda mnadani? Dada, usitume hiyo pesa

Usitume. Kama ushaitoa benki, irudishe, halafu ndipo uendelee kusoma.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Karatasi ya mnada imebandikwa langoni, mwenye nyumba anakwambia ni "mambo madogo na benki, yanaisha wiki ijayo", na papo hapo anaomba kodi ya miezi sita kwa mpigo ili akupunguzie. Kisha unatuuliza habari za dipoziti, viti vyako na lile bafu ulilolikarabati kwa pesa yako, na hii ya miezi sita umeitaja kwa mstari mmoja tu, tena mwishoni. Hiyo ndiyo shida yenyewe! Nilipofika hapo niliguna kwa sauti mpaka mke wangu akauliza nani amefariki.

Mimi ndiye yule mjinga aliyelipa. Ilikuwa 2022, kodi yangu Sh28,000 kwa mwezi. Karatasi ilibandikwa Jumatatu. Jumatano jioni Mzee, mwenye nyumba wangu, yuko mlangoni, kofia mkononi, sauti ya mtu anayetoka kwenye maombi. "Kijana wangu, katika wapangaji wote wewe ndiye ninayekutegemea. Nipe miezi kumi kwa Sh240,000, nizibe hilo pengo la benki, sote tubaki kwetu." Kichwa changu kikapiga hesabu haraka: naokoa Sh40,000. Naokoa! Pesa zenyewe sikuwa nazo, kwa hiyo nikakimbilia sacco nikachukua mkopo. Yaani nilikopa ili mtu mwingine alipe mkopo wake. Cheka tu, watoto wangu wenyewe hunicheka.

Na msidhani sikuuliza. Nilimpigia ajenti aliyenitafutia nyumba ile. Akaniambia karatasi za madalali ni za kutisha watu, nyumba haziuzwi kirahisi hivyo, mwenye nyumba huenda kortini akapata amri ya kusimamisha na mambo yakapoa. "Isitoshe una mkataba wa miaka miwili, nani atakugusa?" Huyu ni mtu aliyekuwa amekula kodi nzima ya mwezi kama ada yake ya kunifungulia mlango. Siku nyumba ilipouzwa, simu yake haikupatikana, na hadi leo haipatikani. Ninayo mengine ya kumwambia lakini wasimamizi wa jukwaa watanifungia.

Jambo ambalo ajenti hakuniambia, nikaja kuelezwa na wakili nilipokuwa nishaumia, ni kwamba karatasi ikifika langoni, deni si la jana. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012 hapa kwetu Kenya, benki humwandikia kwanza mwenye nyumba notisi ya miezi mitatu. Hiyo wewe mpangaji huioni, inakaa mfukoni mwake. Asipolipa, inafuata notisi ya kuuza, siku 40, na kifungu cha 96 kinataka nakala yake upelekewe wewe mpangaji pia na nyingine ibandikwe mahali pa wazi. Baada ya hapo anaingia dalali, yule anayeendesha mnada, na notisi yake ya siku 45. Zikiisha, anatangaza gazetini, na mnada haufanyiki kabla siku 14 hazijapita tangu tangazo la kwanza.

Sasa jumlisha mwenyewe. Ikiwa iliyobandikwa ni ya dalali, huyo anayekwambia "wiki ijayo" amekaa na hizo barua zaidi ya miezi minne. Mzee wangu alipokuja na kofia yake mkononi alijua kila kitu. Hakuwa anaziba pengo lolote. Alikuwa anavuna mara ya mwisho kabla shamba halijachukuliwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeiva.

Mkataba wangu wa miaka miwili nao? Sheria hiyo hiyo inasema aliyeweka nyumba rehani asiikodishe kwa zaidi ya mwaka mmoja bila idhini ya maandishi ya benki. Wakili aliusoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho akitafuta idhini hiyo, akanirudishia polepole kama mtu anayekabidhi matokeo ya hospitali. Kama ningefanya sachi ya hati, yaani kukagua rekodi za nyumba kwenye ofisi ya ardhi, kabla ya kuhamia, ningeiona rehani ya benki imeandikwa hapo. Sikufanya. Niliangalia kama maji yanatoka bafuni.

Mnada niliusikia kutoka kwa jirani wa chini. Baada ya muda akaja mmiliki mpya, mama mstaarabu kabisa, na barua ya wakili wake: ama tuandikiane upya na kodi ianze kwake, ama nihame mwezi ukiisha. Nikamtolea jumbe za M-Pesa, nikamtolea risiti zenye saini ya Mzee, nikamweleza kwamba nimelipa miezi kumi mbele. Akazisoma zote kwa utulivu, akasema, "Baba, pesa hizi hazikufika kwangu." Nilitamani awe mkorofi angalau nipate wa kumchukia. Lakini alikuwa amenunua nyumba, hakununua madeni ya Mzee.

Katika hiyo kumi nilikuwa nimekaa miezi mitatu. Saba ikabaki hewani: Sh168,000, pamoja na dipoziti ya Sh28,000. Nikaenda Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai ya hadi milioni moja na huhitaji wakili. Nikashinda! Hukumu ninayo, iko kwenye bahasha kabatini, karibu na vitabu vya shule. Mzee hana nyumba tena, gari ni la shemeji, akaunti ina vumbi. Mkopo wa sacco ndio haukuwa na vumbi, nimeumaliza mwaka jana.

Kwa hiyo mimi nina neno moja: kodi isitangulie mwezi. Mwezi uingie, ulipe mwezi huo, uchukue risiti ya mwezi huo. Akikupunguzia nusu, kataa. Akilia, mpe kitambaa. Dipoziti yako pia iangalie kwa jicho hilo hilo, maana ni pesa yako ambayo imeshatangulia. Mwandikie umwombe ihesabike kama kodi ya mwezi wako wa mwisho, na akikubali atie saini. Nyumba ikishauzwa, utamdai yeye, si mnunuzi, na kumdai Mzee mimi nishakueleza kunavyolipa.

Ila usiruke upande wa pili ukaacha kulipa kabisa. Jirani yangu mmoja alijiona mjanja, akasema benki na Mzee wapigane, yeye hatoi senti. Kabla hata ya mnada, Mzee akamletea dalali wa kodi kihalali kabisa, wakabeba televisheni na friji. Viti vyako benki haina haja navyo, rehani ni ya ardhi na jengo, lakini malimbikizo ya kodi yanaweza kuviondoa. Na akija mtu kusema benki imemweka apokee kodi, hilo sheria inaliruhusu, ila mwombe barua ya uteuzi, uipeleke mwenyewe kwenye tawi la benki wakuthibitishie, ndipo umpe mwezi wake. Mmoja tu! Usije ukamlipa huyo naye miezi sita.

Mzee wako akirudi na hesabu zake za punguzo, mwambie unasubiri tarehe moja kama kila mwezi. Na hiyo karatasi ya langoni, imetoka benki au kwa dalali? Ina tarehe gani? Ipige picha, ufiche majina, uiweke hapa leo leo tukuhesabie siku zilizobaki.