Mchanga wa mito ya kale: maswali yenu

Mto uliokufa mamilioni ya miaka iliyopita mnauonaje chini ya kilomita mbili za miamba?

Tunautafuta kwa sababu mchanga wake huweza kuhifadhi mafuta. Kwanza kwa mawimbi ya mtetemo, yanayopelekwa ardhini na kupokelewa mwangwi wake. Picha zake zikikatwa kimlalo, mkondo wa kale huweza kujitokeza na mapindo yake yote. Mchanga wa unene wa mita chache, hata hivyo, mara nyingi huponyoka, na hapo kisima ndicho msemaji. Kifaa cha kupima mionzi ya gama hushushwa humo: tope husoma kiwango cha juu, mchanga safi kiwango cha chini. Mto wa mapindo huacha alama yake. Usomaji hushuka ghafla palipo na sakafu ya mkondo, kisha hupanda taratibu kadiri unavyokwenda juu, kwa kuwa mto hutanguliza changarawe, ukafuatisha mchanga, tope likaja mwisho. Mimi siridhiki na mchoro peke yake. Nataka kipande cha mwamba mkononi. Chini kabisa utakuta mabonge ya tope yaliyomegwa ukingoni, na juu yake matabaka ya mshazari yakielekea yalikokwenda maji.

Mashapo yaliyotandazwa chini ya mlima yana mawe tele. Si ndiyo bora?

Wingi si ubora. Karibu na mlima, mafuriko hubwaga mawe, mchanga na tope kwa pamoja, na tope huziba vinyweleo, yaani vitundu ambamo mafuta hukaa. Sogea mbele, kwenye vijito vilivyochuja mzigo huo. Mwamba wa Ivishak wa Prudhoe Bay, Alaska, ambako mafuta yaligunduliwa 1968, una mchanga na changarawe za mito ya mikondo mingi iliyosukana. Prudhoe Bay ndio uwanja wa mafuta mkubwa kuliko yote uliopata kugunduliwa Marekani.

Kisima cha kwanza kilipata mchanga mnene. Cha pili, nusu kilomita tu kutoka hapo, tope tupu. Nani alikosea?

Huenda hakuna. Mto ukikata pindo lake, kipande kilichoachwa huwa ziwa dogo na kujaa tope. Swali gumu zaidi ni kama michanga miwili inawasiliana. Linganisheni shinikizo la visima viwili: kimoja kikizalisha na kingine kisitikisike, kuna ukuta katikati.

Mchanga mwekundu hauna mafuta?

Wekundu ni chuma kilichopata hewa, na penye hewa mabaki ya viumbe huoza. Kwa hiyo mafuta hayakuzaliwa humo. Kuhamia yanaweza, mradi kuna mwamba mama jirani, yaani ule yalikozaliwa, na juu yake kifuniko cha mwamba kisichovuja.