Barua kwa mwanangu: mahindi ya barabara namba 40

Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza nilikuwa natazama nini siku 6 nzima ndani ya gari la mjomba wako, maana kila picha niliyokutumia ina kituo kile kile cha mafuta na mkahawa ule ule. Tena unauliza kama kuna mahali nilipohisi kweli nimeingia nchi nyingine.

Kuhusu picha umesema kweli. Nilizipiga tulipokuwa tumesimama, na tulisimama pale ambapo makampuni yale yale yamejenga. Nchi yenyewe ilikuwa inapita dirishani. Na unajua mama yako alikuwa bibi shamba miaka 31. Sijui kutazama nchi bila kutazama kilichopandwa.

Barabara namba 40 ya Marekani tuliianzia Wilmington, North Carolina, kando ya Atlantiki. Inakatiza majimbo 8 mpaka Barstow, California, kilometa 4,100 hivi. Asubuhi ya kwanza nililetewa mayai na bakuli la grits, uji mzito wa mahindi meupe uliotiwa siagi na chumvi. Ungeongezewa konzi mbili za unga ungekuwa ugali. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu. Na heshima watu wa kusini wanayo: kijana wa kituo cha mafuta Tennessee hakunijibu hata mara moja bila kuniita "ma'am", na wapita njia walinisalimu ingawa hawanijui. Mjomba wako, aliyekaa Boston miaka kadhaa, anasema kule ukimsalimu usiyemjua anajiuliza unataka nini.

Mpaka unaoulizia upo. Ni pale Oklahoma inapokutana na Texas. Umechorwa juu ya longitudo ya nyuzi 100 magharibi, na mwaka 1878 John Wesley Powell, aliyekuwa akipima nchi za huko, aliiandikia serikali kwamba kuanzia karibu na hapo mvua inashuka chini ya inchi 20 kwa mwaka, yaani milimita 500 hivi, na mkulima asitegemee mvua peke yake. Unaikumbuka safari ya basi kwenda Dodoma, ukishapita Gairo, jinsi kijani kinavyokuacha? Ndivyo. Miti iliyotusindikiza tangu Tennessee ilipungua, zikabaki nyasi, upepo na ng'ombe. Harufu ya mazizi ya kunenepeshea ilitufikia kabla ya Amarillo. Ndiyo maana hata nyama inabadilika: North Carolina ni nguruwe kwa siki, Texas ni kidari cha ng'ombe cha moshi. Mahindi nayo yapo, lakini yanamwagiliwa kwa mitambo inayozunguka, kwa maji ya chini ya ardhi wanayoyaita Ogallala, na maji hayo yanachotwa haraka kuliko mvua inavyoyarudisha. Roho iliniuma. Kisima kinachokauka nakijua.

Kilichonishika zaidi kilikuwa Gallup, New Mexico. Sokoni mama mmoja wa Kinavajo, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani, alikuwa na meza ya unga na mahindi. Nikachukua hindi moja: fupi, punje za buluu iliyokolea kama wino. Nilipomwambia kazi niliyokuwa nikifanya, akaniuliza kwetu tunapanda kina gani. Nikamwonyesha kwa kidole, sentimita 5. Akacheka, akaweka kiganja katikati ya mkono wake, karibu na kiwiko. Majirani zao Wahopi ndivyo wanavyopanda kwenye mchanga: shimo la sentimita 30 au zaidi, punje kadhaa humo humo, na kutoka shimo hadi shimo hatua kadhaa, si sentimita 75 nilizokuwa nawapimia watu kwa kamba. Theluji ikiyeyuka, unyevu unabaki chini, na mbegu ile ina nguvu ya kusukuma chipukizi mpaka juu. Mfereji hakuna. Mvua yao ni milimita 250 hivi kwa mwaka, haifiki nusu ya Dodoma. Mbegu zote nilizowahi kugawa zingefia humo ardhini. Bado nasema Dodoma walime mtama, lakini sitamwambia tena mtu kwamba mahindi hayajui ukame.

Arizona saa ya simu ilinichanganya. Marekani kwingi saa husogezwa mbele kwa saa moja majira ya joto; jimbo hili halisogezi, ila Wanavajo katika ardhi yao wanasogeza. Redioni, AM 660 kutoka Window Rock, makao makuu ya Wanavajo, mtangazaji alikuwa anasoma kwa Kinavajo. Sikuelewa neno, lakini nilimwomba mjomba wako aiache, tukaisikiliza mpaka ikaanza kukwaruza.

Needles, mlangoni mwa California, afisa alitusimamisha akauliza kama tuna matunda au mimea. Mjomba wako alinung'unikia foleni. Mimi nilimwelewa yule afisa kabisa. Karantini ya mimea si mchezo. Ndiyo sababu sikubeba mbegu, ingawa mkono uliniwasha. Nilinunua unga tu, nusu kilo, na yule mama akanifungia kwenye karatasi majivu kidogo ya mti wa kwao, ya kutia kwenye uji, kama sisi tunavyotia magadi kwenye maharage.

Njoo Jumamosi na watoto. Ile sufuria ndogo iko kwako, usiisahau.

Mama yako