Unaanza kazi ya tathmini? Ripoti ya mwaka wa kwanza isikulevye

Wadogo zangu mnaoingia kwenye tathmini, hasa hii miradi ya serikali ya kufundisha vijana wasifanye ngono mpaka ndoa, ukipewa ripoti usikimbilie kuangalia wangapi walihudhuria wala wangapi wamesema semina ilikuwa nzuri, uliza kwanza, hawa wamelinganishwa na nani?

Chukueni ile ya Marekani. Sheria ya 1996 ilitenga dola milioni 50 kila mwaka kwa mafunzo hayo, na majimbo yakatakiwa kuongeza dola 3 kwa kila 4 za serikali kuu. Bunge lao likataka tathmini, kazi wakapewa kampuni ya utafiti ya Mathematica, wakachukua vijana zaidi ya 2,000 kwenye programu nne za Virginia, Florida, Wisconsin na Mississippi, wakawagawa kwa bahati nasibu, hawa wanaingia kwenye programu hawa hawaingii. Ripoti ya mwanzo, 2005, ilikuwa tamu kweli, waliofundishwa walikuwa wanaunga mkono kusubiri kuliko wenzao. Wangeishia hapo si ingekuwa sherehe? Ila walifuatilia miaka 4 mpaka 6, na 2007 yakatoka majibu: waliofundishwa karibu nusu hawajawahi kufanya ngono, wasiofundishwa nao karibu nusu vilevile, na walioanza, wastani wa umri 14.9 pande zote mbili. Bila lile kundi la pili mtu angeandika "nusu ya vijana wetu wamesubiri" na asingekuwa ameongopa hata neno, na watu wangeamini hela zimefanya kazi.

Na haya si ya huko mbali tu, sheria ya 2003 ya PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ilitaka theluthi ya hela za kinga iende kwenye kusubiri mpaka ndoa, na Kenya, Uganda na Tanzania zote zilikuwa zinapokea.

Dodoso nalo, tafadhali sana, kijana asijaze mbele ya mwalimu aliyemfundisha kusubiri, atakuandikia kile mwalimu anachotaka kusikia.

Halafu usiingie na jibu mfukoni. Utafiti wa Philadelphia, huko huko Marekani, uliotoka 2010, kwa watoto wa darasa la sita na la saba, uliona baada ya miaka miwili walioanza ngono ni kama theluthi, wakati wenzao wa kundi la ulinganisho karibu nusu. Lakini wale hawakuambiwa wasubiri mpaka ndoa, waliambiwa wasubiri mpaka wawe tayari, na kondomu haikusemwa vibaya. Kwa hiyo nenda ukae darasani uandike kinachofundishwa mle, jina la mradi pekee halikwambii kitu.