Nimefunga banda lote na nailoni, mbona kuku bado wanapiga chafya?

SWALI: Habari daktari. Niko Kahawa West, nafuga kuku 16 wa kienyeji nyuma ya nyumba, mitetea 14 na majogoo 2. Banda ni la ofkati, futi 6 kwa 5, juu mabati. Baridi ya Julai ilipoingia nilinunua nailoni nyeusi nikazungusha banda lote mpaka juu, na usiku naweka kajiko ka makaa hapo ndani karibu na mlango kama masaa mawili hivi. Sasa wanapiga chafya, macho yanatoa machozi, na mayai yameshuka kutoka 9 kwa siku hadi 4. Nimesoma kwamba huko Ulaya wanawawashia taa usiku na kuwapaka mafuta kichwani. Na mimi nifanye hivyo? – Mama wa kuku 16

JIBU: Pole sana mama. Kabla ya kitu kingine chochote, hio jiko toa leo. Usingoje umalize kusoma. Makaa kwa chumba kilichofungwa hivyo yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi haina harufu, na ndio hio hio inaua watu kwa manyumba zetu kila msimu wa baridi. Kuku ni mdogo na anapumua haraka kukushinda, kwa hivyo atalala kabla wewe hujajua kuna shida. Alafu kuna maranda chini na nailoni kwa ukuta, cheche moja tu na umepoteza banda na pengine nyumba pia.

Sasa tuongee baridi yenyewe. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili mwili wake uko karibu digrii 41, ni kama anatembea na blanketi. Usiku wa Julai hapa Nairobi unashuka mpaka 10 au 11 hivi, saa zingine chini kidogo, na hio kuku wa kienyeji anaimudu bila shida kama ni mkavu na upepo haumpigi. Kuna watu Canada wanafuga kuku kwa theluji na hawawashi moto. Mafuta ya kichwani ni ya huko, juu ile nyama nyekundu ya kichwani, undu, inaganda na kufa kwa barafu. Kahawa West hakuna barafu mama, hayo mafuta jipake wewe mikono.

Kile kinawasumbua kuku zako ni hio nailoni. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo miaka ya kwanza nikifuga, nikafunga kila shimo mpaka la msumari, na nikajivunia sana. Jaribu hivi kesho: amka saa kumi na moja alfajiri kabla hujawafungulia, ingia, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kuku akiwa amesimama, na ukae hapo dakika mbili. Usipime ukiwa umesimama wima, kwa sababu huko juu hewa ni tofauti. Kama macho yanakuwasha ama koo linakwaruza, hio ni amonia, na wao wamelala ndani yake masaa kumi na mbili. Kisha angalia mabati kwa ndani. Nina uhakika utakuta matone yamejipanga kwa mstari, pengine yanadondokea mgongo wa kuku. Hio si mvua imevuja, ni pumzi yao. Kuku anakunywa kama robo lita ya maji kwa siku na mengi yanatoka tena kwa pumzi na kwa kinyesi, sasa zidisha na 16, mvuke unapanda, unakutana na bati baridi, unarudi chini kama maji, maranda yanalowa, bakteria wanakula kile kinyesi na kutoa amonia, na amonia inachoma vile vinywele vidogo kwa koo la kuku vinavyofagia uchafu nje. Hapo ndipo chafya inaanzia, na hapo ndipo ugonjwa wa kweli unapata mlango.

Na mayai? Umesema nailoni ni nyeusi. Unawafungulia saa ngapi, saa mbili asubuhi? Mtetea anahitaji mwanga masaa 14 hivi ndio atage kwa wingi kabisa, lakini hata kwa 12 anataga, na sisi tuko karibu na ikweta, tunapata kama masaa 12 mwezi wa Januari na masaa 12 mwezi wa Julai, tofauti ni dakika tu. Ndio maana hio mambo ya taa ya Ulaya haikuhusu sana, kwao Desemba jua linazama saa kumi jioni. Lakini wewe umewatengenezea Desemba yako mwenyewe kwa nailoni: wanakaa gizani mpaka ufungue, na kuku gizani hali wala hanywi. Ongeza maji baridi ya asubuhi ambayo hawayataki, mayai lazima yashuke. (Angalia pia kama kuna manyoya mengi chini, wakiwa wanabadilisha manyoya watapumzika kutaga hata ufanye nini.)

Kurekebisha ni rahisi, kanuni ni moja: chini funga, juu fungua. Toa nailoni kutoka kwa bati kushuka chini kama futi moja, pande mbili zinazotazamana, ndio hewa chafu itoke juu ya vichwa vyao bila kuwapiga wakiwa wamelala. Hapo kwa uwazi piga waya yenye matundu madogo ya nusu inchi, si ile waya ya kuku ya kawaida, juu panya na nguchiro wanapita. Huko chini, kuanzia sakafu mpaka juu kidogo ya pale wanalala, acha pamefungwa, hasa upande wa mashariki na kusini mashariki juu hio ndio njia ya upepo wetu wa baridi mara nyingi. Ningekuwa wewe ningetoa nailoni yote nitumie magunia, yale ya kufumwa, unayashona kwa fito unayakunja juu saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuyashusha jioni. Gunia linapumua. Na kama paa halijatokeza nje angalau futi moja na nusu, ongeza, la sivyo mvua itaingia kwa ule uwazi na utanilaumu mimi.

Maranda yote ya sasa toa, usichague. Fagia, acha sakafu ikauke siku nzima, alafu mwaga mapya inchi 4. Enda kwa mafundi wa fanicha uombe yale makubwa yaliyojikunja, si vumbi la msumeno, hilo litawaongezea chafya. Watu watakuambia umwage chokaa au majivu juu ya yale ya zamani kuua harufu. Usifanye, vitu hivyo vikigusa kinyesi kibichi vinafukuza amonia itoke kwa wingi zaidi, majivu wawekee kwa beseni nje waoge. Kipimo cha maranda ni mkono wako: chukua ngumi moja, kamua, fungua. Yakibaki donge ni mabichi, yakianguka polepole yakiachana ni sawa. Karibu nusu ya kinyesi chao kinatoka usiku wakiwa wamelala, kwa hivyo weka ubao au gunia chini ya fito na ulikung'ute kila asubuhi, hio peke yake itakupunguzia kazi sana. Na drinka, kile chombo chao cha maji, iinue kwa matofali mpaka usawa wa mgongo wa kuku, ama uitoe nje kabisa usiku.

Fito za kulala: tumia mbao ya inchi mbili kwa mbili iliyolainishwa kingo, si bomba la chuma. Akiikalia vidole vinafunikwa na manyoya ya tumbo, hapo miguu imepata joto bure. Nafasi sentimita 20 kwa kila kuku. Futi zako 30 za mraba kwa kuku 16 ni karibu 2 kila mmoja, imebana lakini kama wanashinda nje mchana itakubali, ila usiongeze hata mmoja.

Chakula msimu huu wataomba zaidi juu wanakichoma kupata joto. Mpe mahindi kiganja kwa kila kuku watatu jioni kabla walale, maji ya vuguvugu asubuhi.

Ukifanya haya chafya ya amonia inapungua ndani ya siku nne tano. Lakini mmoja akivimba uso chini ya jicho na kamasi inanuka, hio ni mafua ya kuku, mtenge siku hio hio na uite daktari wa mifugo, usiende tu agrovet kuitisha dawa ya kuku chafya, utapewa antibiotiki ambayo huenda haihusu na mayai hutaweza kuyala. Na ukiona uharo wa kijani, shingo inapinda, wanakufa wawili watatu kwa siku, hio inafanana na kideri (Newcastle), haina tiba, na kama hujawachanja miezi mitatu iliyopita niambie nikwambie ratiba. Akifa mmoja usimtupe wala usimpikie mbwa, mfunge kwa mifuko miwili isiyovuja, muweke mahali pa baridi lakini si kwa friza, na umpeleke maabara ya mifugo ya Kabete siku hio hio wampasue waone kilichomuua. Yule anayeumwa zaidi mpeleke naye akiwa hai, kwa katoni yenye matundu.